Muonja Chai na Majibu ya Tumbo Lake

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, saa nane mchana, Lukelo Chengula aliota akiwa amekaa kitini, koti mwilini, miguu karibu na jiko la mkaa. Hakuwa amepanga kulala. Alikataa chakula cha mchana, akasema anapumzisha macho, na macho yakapumzika kweli.

Kabla ya ndoto ni vizuri kumjua mwenye ndoto. Lukelo alikuwa muonja chai katika kiwanda kimoja cha Mufindi, kazi aliyoifanya miaka ishirini na tisa. Kila asubuhi husimama mbele ya vikombe vyeupe themanini vilivyopangwa mstari. Huchota kijiko, huvuta kwa kishindo kama mtu aliyeungua, huzungusha mdomoni, hutema kwenye ndoo, kisha hutamka. "Kali." "Imeungua kidogo." "Nyepesi." Akishatamka hakuna wa kubisha. Ulimi wake uliaminiwa na watu wa ng'ambo ambao hawakuwahi kumwona hata kwenye picha.

Aliyeanza kumbishia ni tumbo lake mwenyewe. Tangu Krismasi lilikuwa likimchoma chini ya kifua, naye akaliita gesi. Kisha akawa anahema akipanda ngazi za kiwanda, akasema ni baridi. Kisha choo kikawa cheusi kama lami, akasema ni chai, ingawa chai yote huitema. Mkewe Atupele ndiye aliyemfikisha hospitali ya mjini, na alimfikisha kwa kumdanganya kwamba wanakwenda kununua mbegu za viazi. Daktari alimsikiliza, akamtuma maabara akatoe damu na choo, akamwambia arudi na majibu baada ya wiki mbili. Maabara ikampa bahasha iliyofungwa kwa gundi.

Bahasha ikaingia chini ya godoro. Ilikuwa huko kwa wiki ya saba sasa.

"Baba Lusungu, hiyo bahasha haitaangua kitu," Atupele alimwambia asubuhi ya Jumamosi hiyo. "Unailalia bure."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Mama Lusungu, baba yangu alikuwa mzima. Alikwenda kuchukua majibu ya tumbo siku ya Jumanne. Ijumaa tulimzika. Sasa na mimi unataka niende Jumanne?"

"Nenda Jumatatu."

Hoja ya Jumanne Lukelo alikuwa nayo tangu ana miaka kumi na tisa, na ilikuwa imemfaa dhidi ya madaktari wote, mchungaji, na mkuu wa kiwanda. Lakini uso wa mkewe haukuwa wa ubishi siku hiyo. Ulikuwa wa mtu aliyeacha kulala vizuri. Ndipo akakataa chakula, akasogeza kiti karibu na jiko, na usingizi ukamchukua.

Anajikuta mbele ya geti la hospitali. Geti liko katikati ya shamba la chai, bila ukuta upande wowote, lakini watu wote wanapanga foleni kulipitia, kwa hiyo na yeye anapanga.

Mlinzi ni kikopo. Ni kile kikopo cha plastiki chenye mfuniko wa bluu alichopewa maabara akatilie choo. Kimevaa kofia ya mlinzi, ambayo ni kubwa kidogo, na kimekaa nyuma ya meza na daftari.

"Kamwene, baba," kinasema kikopo.

"Kamwene."

"Unanikumbuka?"

"Hapana," anasema Lukelo, kwa aibu.

"Mimi nakukumbuka. Watu wengi hunisahau haraka. Uliambiwa uje na tumbo tupu. Liko wapi?"

Lukelo anaona ni ombi la kawaida. Anafungua vifungo vya koti, anafungua vya shati, anatoa tumbo kama mtu anayetoa kitambulisho. Ni jepesi kuliko alivyodhani, na limechakaa kama mkoba wa ngozi wa karani aliyestaafu. Kikopo kinalipokea, kinalitikisa karibu na mfuniko wake, kinasikiliza.

"Si tupu hili."

"Sijala kitu tangu jana."

"Sikuuliza chakula."

Kikopo kinaligeuza tumbo na kulikung'uta juu ya meza. Vinatoka vidonge vya maumivu ya mgongo, vile ambavyo Lukelo hununua dukani na kumeza bila kuhesabu, vinatoka mpaka vinafunika daftari. Kinatoka kigoda. Baada ya kigoda anatoka baba yake mzazi, amevaa kofia ya pama na soksi moja.

"Shikamoo, baba," anasema Lukelo.

"Marahaba. Funga huo mlango, upepo unaingia."

Lukelo haoni mlango wowote, kwa hiyo anafunga vifungo vya koti. Mzee anaonekana kuridhika. Anakiweka kigoda chini, anakaa, anamtazama mwanawe kwa muda, kama anayelinganisha na picha.

"Wewe ndiye unayewaambia watu kwamba niliuawa na karatasi?"

"Ulikwenda Jumanne, baba. Ijumaa tukakuzika."

"Nilikwenda Jumanne ya mwaka wa tatu. Miaka mitatu nilikuwa nalamba magadi nikisema ni gesi. Mama yako alilia, nikamwambia ananipigia kelele. Karatasi yenyewe niliishika dakika mbili tu. Hata kuikunja sikuikunja. Ilinifanya nini, karatasi ya watu?"

Lukelo anasema, "Sikujua kama ni miaka mitatu."

"Ulikuwa shule. Tulikuficha." Mzee anavua pama, anapuliza vumbi, anaivaa tena. "Miaka thelathini na saba umenikalisha humo ndani. Nilikuwa sisemi. Lakini siku hizi kunavuja, Lukelo. Mtu mzima siwezi kukaa penye kuvuja."

Anabeba kigoda chake, anakwenda zake kati ya mistari ya chai, anatafuta mahali penye hewa. Haagi. Enzi za uhai wake pia hakuwa mtu wa kuaga.

Kikopo kinaandika kitu kwenye daftari. "Sasa ndiyo tupu," kinasema, na kumrudishia Lukelo tumbo lake. "Pita. Usikae kwenye benchi, limejaa."

Shamba la chai linakuwa korido. Hakuna anayeliona hilo kuwa ajabu. Majani yamebaki ukutani kama rangi.

Kwenye benchi wamekaa akina mama wawili wanaofanana sura, wamejifunika mablanketi, kila mmoja anafuma upande wake wa sweta moja.

"Kamwene, baba," wanasema kwa pamoja.

"Kamweneni. Mnamsubiri nani?"

"Wewe. Sisi ni zile wiki mbili," anasema wa kushoto. "Mimi ni ya kwanza, huyu ya pili. Daktari alisema baada ya wiki mbili. Tulikuja, tukaisha, ukawa hujafika."

"Nilikuwa na kazi."

"Tunajua. Uliifanyia ndani yetu."

Nyuma yao wamesimama wengine watano, wamejibanza ukutani kwa kukosa nafasi. Lukelo anauliza hao ni akina nani.

"Hao hawakuitwa na daktari," anasema wa kulia, bila kuinua macho kwenye sindano zake. "Umewaleta mwenyewe. Yule wa mwisho mpe nafasi, ana kizunguzungu."

Wa mwisho kweli amepauka. Midomo yake ni myeupe, na ameshika ukuta kama Lukelo anavyoshika reli ya ngazi za kiwanda siku hizi, akisubiri moyo utulie. Lukelo anamwambia pole. Anamjibu asante kwa sauti isiyotoka vizuri. Lukelo anataka kumletea kiti lakini korido haina kiti, na hapo kwa mara ya kwanza ndani ya ndoto anaogopa.

Anakwenda dirishani haraka. Dirishani yuko kikopo kilekile, bila kofia sasa.

"Naomba majibu yangu," anasema Lukelo.

"Tunayo. Leta swali."

"Swali gani?"

"Majibu hayatoki bila swali. Ni utaratibu."

Lukelo anafikiri. "Mvua za mwaka huu zitakuwaje?"

"Hilo ni dirisha la hali ya hewa."

"Je, nitapona?"

"Hilo ni la daktari. Sisi maabara tunahesabu tu." Kikopo kinamtazama kwa huruma, jambo ambalo si rahisi kwa kitu kisicho na uso. "Baba, hivi wewe hujawahi kuuliza chochote kuhusu mwili wako?"

"Nimekuwa nikitoa majina tu," anakiri Lukelo. "Gesi. Baridi. Chai."

"Basi njoo uonje. Hiyo si unaiweza?"

Na papo hapo wamo chumba cha kuonjea chai, chumba chake mwenyewe, na taa yake na ndoo yake ya kutemea. Lukelo anapumua. Mezani kuna vikombe themanini, lakini vyote vimefunikwa isipokuwa vitatu. Mbele ya viwili vya kwanza kuna alama ya kujumlisha.

"Chanya," anasema Lukelo, akifurahi. "Nimefaulu."

"Chanya maana yake tulichokitafuta tumekipata," kinasema kikopo. "Na hatukuwa tunatafuta mbuzi aliyepotea. Onja."

Lukelo anachota kikombe cha kwanza, anavuta, anazungusha, anatema. "Kuna kitu kinaishi humu. Kimeshajenga. Kina wajukuu."

"Bakteria wa tumbo. Endelea."

Cha pili anakivuta polepole zaidi. Kinampa ladha aliyoijua utotoni, alipokuwa akishika misumari kwa meno akimsaidia baba yake kuezeka. "Hii ina chuma. Ni damu."

"Damu iliyojificha."

"Imejificha wapi?"

"Ingekuwa inajulikana isingeitwa hivyo. Daktari ndiye mwenye taa."

Cha tatu kina maji mekundu hafifu, kama chai iliyotengenezwa kwa majani yaliyokwisha kutumika. Lukelo anavuta kijiko kimoja, na hasira ya kazi inampanda. Anatema kwa nguvu mpaka ndoo inalia.

"Nyepesi! Haina mwili kabisa! Hii imetiwa maji, ikatiwa tena. Mtu akitegemea hii, atapanda ngazi tatu na kukaa chini. Nani ameipitisha mpaka ikafika mezani kwangu?"

Kikopo kinampa karatasi. Lukelo anaigeuza nyuma, anachomoa penseli sikioni kama ilivyo desturi yake, anaandika kwa hasira: *Nyepesi. Haina mwili. Ishughulikiwe leo, isisubiri.* Anaweka sahihi. Kisha anainua macho.

"Hii ni ya nani?"

Vikombe vyote themanini vinageuka taratibu mezani, na mikono yao yote inamwelekea yeye.

"Hilo ndilo swali," kinasema kikopo, na kugonga muhuri.

Mlio wa muhuri ulikuwa ni mkaa uliopasuka jikoni. Lukelo alifumbua macho. Atupele alikuwa amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage, na alikuwa akimtazama.

"Ulikuwa unafoka," alisema. "Unamfokea nani?"

"Sijui bado. Mama Lusungu, niletee kalamu na daftari."

Alimletea. Lukelo akaandika mpaka ukurasa ukajaa, akifuta, akiandika tena, kama mwanafunzi. Atupele alijizuia kuchungulia, akashindwa, akachungulia. Yalikuwa maswali. *Damu inatoka wapi? Chanya ni nzuri au mbaya? Vidonge vya mgongo vinahusika? Baba yangu aliumwa tumbo miaka mitatu, je, ni muhimu? Nitaacha kazi?* La mwisho lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko mengine.

Atupele alirudi kwenye maharage yake, akapukuchua mengine kumi hivi, kisha akajifuta machoni kwa kiwiko.

Jumatatu waliwahi kufika. Daktari Kabula, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliwaamkia shikamoo, akaipokea bahasha, akaangalia tarehe yake, kisha akamwangalia Lukelo. Hakumgombeza. Alichukua mkasi, akaikata bahasha mbele yao, akasoma.

"Baba, una swali kabla sijaanza?"

"Ninayo kumi na moja," alisema Lukelo, na kufungua daftari.

Daktari alivuta kiti karibu. Aliyajibu moja moja, bila haraka. Chanya hapa si ya kushangilia: bakteria wa tumbo wameonekana, na kwenye choo kuna damu isiyoonekana kwa macho. Kile choo cheusi nacho kilikuwa damu, haikuwa chai, na siku ile alipaswa kuja mbio. Himoglobini yake ni tisa nukta moja, wakati kwa mwanamume haitakiwi kushuka chini ya kumi na tatu. Hicho ndicho kilichokuwa kikimhemesha kwenye ngazi.

"Kwa hiyo nina saratani," alisema Lukelo.

"Karatasi hii haisemi hivyo, baba. Haisemi pia kwamba huna. Inasema kuna mahali panavuja, twende tukapaangalie."

Lukelo alimtazama sana kwa neno hilo. Atupele akamshika mkono, kitu ambacho hawakuwa wakikifanya mbele za watu.

"Hivyo vidonge vya mgongo acha leo," daktari aliendelea. "Vinachubua tumbo. Na huyo mzee wako, umefanya vizuri kunitajia. Wengi hawanitajii wazee wao."

Alhamisi walimwingiza kamera kupitia kooni, tumbo likiwa tupu. Walikuta kidonda, kipana kama kucha ya kidole kidogo, kinatoa damu kidogo kidogo. Walikata vinyama vidogo wakavipeleka kupimwa, na siku kumi na mbili za kusubiri zilikuwa siku ndefu kuliko zote za ndoa yao. Safari hii Lukelo hakuficha bahasha. Alikwenda kuichukua mwenyewe, Jumanne, na kuipeleka kwa daktari moja kwa moja bila hata kukaa. Haikuwa saratani. Daktari alitaka pia kuuona utumbo mpana kwa kamera ya chini, kwa sababu ya umri wake, na huko hakukuwa na neno.

Akapewa dawa za siku kumi na nne, nyingi kama chakula cha mwali, na vidonge vya kuongeza damu. Aliambiwa amalize zote hata akijisikia mzima, na arudi baadaye choo kipimwe tena, ili ijulikane kama wapangaji wamehama kweli au wamenyamaza tu. Kazi hakuiacha. Mkuu wa kiwanda alimpa mwezi wa mapumziko, na kijana aliyeshika nafasi yake alipitisha chai iliyoungua, kwa hiyo alirudishwa siku ya ishirini.

Mwezi wa tisa walirudi kwa Daktari Kabula. Lukelo alipanda ngazi za hospitali bila kushika ukuta, akafika juu wa kwanza, akamngoja mkewe akijifanya anasoma tangazo la chanjo.

"Hasi," daktari alisema, akiweka karatasi mpya mezani. "Bakteria hawapo. Na himoglobini kumi na tatu nukta nne."

"Hasi ndiyo nzuri?" aliuliza Atupele, ingawa alijua. Alitaka kuisikia.

"Hapa ndiyo nzuri, mama."

Atupele alicheka kwa sauti, kicheko ambacho muuguzi wa chumba cha pili alikuja kukichungulia. Lukelo alifunga daftari lake la maswali. Daktari akaanza kupanga karatasi zote kwenye faili, ya zamani chini, mpya juu. Alipofikia ile ya kwanza ikamponyoka, ikaanguka sakafuni kifudifudi. Aliinama kuiokota, akabaki ameinama.

"Baba, hii ya nyuma uliandika lini?"

"Ya nyuma gani?"

Aliiweka mezani. Nyuma ya karatasi ya maabara kulikuwa na mistari miwili ya penseli, na sahihi. Atupele aliitambua kabla ya mwenyewe, kwa jinsi herufi zilivyolalia upande wa kushoto kama chai iliyopigwa na upepo.

"Bahasha niliikata mimi," alisema Daktari Kabula taratibu. "Kwa mkasi, mbele yenu. Na tangu siku ile karatasi iko kwenye faili langu."

Aliisogeza dirishani penye mwanga. Muhuri wa maabara, wenye tarehe ya mwezi wa nne, ulikuwa umegongwa juu ya penseli, wino wake wa zambarau ukipita juu ya maneno.

Lukelo alivaa miwani, akaisoma yote mpaka mwisho, na kutikisa kichwa kama anavyofanya kazini anaporidhika na kazi ya mtu.

"Sahihi kabisa," alisema. "Ilikuwa nyepesi."